Kufanana kwa Ngano Si Kufanana kwa Maana

Miongoni mwa kazi zinazopendwa na wanafunzi wa fasihi, hapana iliyo rahisi kuanza, wala iliyo ngumu kumaliza vema, kama kazi ya kulinganisha ngano za mataifa mbalimbali. Mwanafunzi husoma ngano moja ya Unguja na nyingine ya Ufaransa au ya Bara Hindi. Huona kwamba katika zote mbili mnyama mwerevu amemwinua mtu fukara, au mdogo amemponyoka mkubwa. Hufurahi kwa ugunduzi wake. Kisha huandika kwamba dhamira ya ngano hizo ni moja. Mwalimu hutia alama ya kukubali, na jambo huishia hapo. Yafaa lisiishie hapo. Hukumu ile imetolewa kabla ya ushahidi kusikilizwa, na anayedhulumiwa nayo ni ngano yenyewe.

Kosa lililomo ni hili: kisa kimechukuliwa kuwa ndicho dhamira. Kisa ni mfululizo wa mambo yanayotukia: nani alikwenda wapi, alikutana na nani, akafanya nini. Dhamira ni lile neno ambalo mtambaji fulani, mbele ya wasikilizaji fulani, analisema kwa njia ya mambo yale. Kisa chaweza kuvuka bahari bila ya kupoteza mkono wala mguu. Dhamira haivuki hivyo. Hufanywa upya kila mahali kisa kinapotia nanga, na aghalabu hufanywa kwa badiliko dogo ambalo mlinganishaji mwenye haraka hulipita kama jambo lisilo na uzito.

Katika njia hii watu wa namna tatu hupotea, kila mmoja kwa upande wake. Wa kwanza ni yule asemaye kwamba ngano zote ni moja kwa sababu binadamu ni mmoja. Joseph Campbell, Mmarekani, alitoa mwaka 1949 kitabu kizima cha kuonyesha kwamba mashujaa wa dunia yote ni shujaa mmoja mwenye sura elfu: huondoka kwao, hupata mateso, hurudi na zawadi. Neno hilo ni tamu, na limewavuta wengi. Lakini sura elfu zikishasemwa kuwa moja, hapana haja tena ya kuzitazama. Wa pili ni yule ambaye kazi yake yote ni kuuliza kisa kilitoka wapi. Theodor Benfey, Mjerumani, alipofasiri Panchatantra mwaka 1859 alidai kwamba ngano nyingi za Ulaya zilitoka Bara Hindi; na wako hata leo wanaoona kwamba ngano ya Kiswahili ikishaonekana kuwa na ndugu huko, basi imekwisha kuelezwa, na Waswahili hawakuwa ila wapagazi waliobeba mzigo wa wengine. Wa tatu ni adui wa hao wawili, naye hupotea kama wao: ni yule asemaye kwamba kila taifa lina roho yake, na ngano iliyochanganyika na ya wengine si halali. Ndugu Grimm walitia ngano ya paka mwenye viatu katika kitabu chao cha mwaka 1812, kisha wakaitoa katika chapa ya pili ya mwaka 1819, kwa kuwa waliiona ni ya Kifaransa mno. Ngano iliyokuwa ikisimuliwa kwa Kijerumani mbele ya moto ilifukuzwa nyumbani kwa kukosa hati ya kuzaliwa.

Haki lazima itendwe kabla ya vita. Wanazuoni waliopanga ngano za dunia kwa aina wamefanya kazi kubwa, na hapana mlinganishaji awezaye kuikwepa. Antti Aarne wa Finland alianza mwaka 1910. Stith Thompson wa Marekani aliipanua kazi hiyo mwaka 1928 na tena mwaka 1961. Hans-Jörg Uther wa Ujerumani aliitengeneza upya mwaka 2004. Kwa juhudi yao mtu anayetafuta ngano ya mnyama aliyeacha moyo wake nyumbani ataikuta chini ya namba 91, na ile ya paka amsaidiaye fukara chini ya namba 545B. Vladimir Propp wa Urusi naye alionyesha mwaka 1928 kwamba ngano 100 za Kirusi alizozichunguza zimejengwa kwa matendo yasiyozidi 31, yafuatanayo kwa utaratibu mmoja. Hayo ni maarifa ya kweli. Lakini namba ya kitabu katika rafu ya maktaba humwambia mtu mahali kitabu kilipo. Haimwambii kitabu kinasema nini. Propp hakudai kwamba ngano zenye matendo yale yale zina neno lile lile la kusema. Waliodai hivyo ni wanafunzi wa wanafunzi wake.

Yafaa sasa madai haya yapimwe kwa ngano zenyewe. Ya kwanza ni ile ya kima na moyo wake. Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyefika Unguja mwaka 1864, alichapisha London mwaka 1870 kitabu cha hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Mojawapo ya hadithi hizo ni Kisa cha Punda wa Dobi. Kima yu juu ya mti wa matunda ulioinamia bahari; papa yu majini chini yake; kima humtupia papa matunda, na urafiki wao hukua. Siku moja papa humwalika rafiki yake kwao, humpakia mgongoni, na wafikapo katikati ya bahari humfunulia siri: sultani wa papa ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hujibu kwamba laiti angalijua mapema angaliuchukua moyo wake, maana kima huacha mioyo yao mitini. Papa hurudi, kima huparamia mti, na papa amwitapo, kima humjibu kwa kumsimulia habari ya punda wa dobi, aliyeponyoka makucha ya simba mara ya kwanza, akadanganywa na sungura kurudi mara ya pili, akauawa. Simba alipouliza moyo na masikio ya punda viko wapi, sungura, aliyekwisha kuvila, alijibu kwamba punda huyo hakuwa navyo, maana angalikuwa navyo asingalirudi.

Mwenye kusoma sana atatambua mara moja kwamba kisa hiki ni cha kale, na kwamba hata ngano ile iliyo ndani ya ngano imesafiri pamoja na mama yake. Kimo katika Panchatantra ya Kisanskrit, humo mkiwa na mamba mahali pa papa na mbweha mahali pa sungura, na punda ni wa dobi vile vile. Kimo katika Kalila wa Dimna, kitabu ambacho Ibn al-Muqaffa alikitia katika Kiarabu katika karne ya 8 kutoka lugha ya Kiajemi cha kale, humo mkiwa na kasa mahali pa mamba. Kimo katika Jataka za Kibudha za lugha ya Kipali. Kimo Korea, ambako sungura ndiye anayetakiwa, na kiungo kinachotakiwa ni ini. Hapa ndipo mlinganishaji mwenye haraka huandika: dhamira ya ngano zote hizi ni kwamba akili hushinda nguvu. Kisha hufunga daftari lake.

Na alifungue tena. Katika Jataka hapana urafiki wowote kati ya mamba na kima. Mamba humhadaa kima kwa matunda ya ng'ambo ya mto kwa sababu mkewe anatamani moyo wa kima. Mwishoni msikilizaji huambiwa kwamba mamba yule alikuwa Devadatta katika maisha ya zamani, na kima alikuwa ndiye atakayekuwa Buddha. Ngano ni ushahidi kwamba uadui wa mtu mmoja dhidi ya mwingine una mizizi mirefu kuliko umri mmoja, na kwamba hekima huuvumilia na kuupita. Katika Panchatantra mambo ni mengine kabisa. Humo kima na mamba ni marafiki, na mke wa mamba ana wivu juu ya urafiki huo. Zaidi ya hayo, ngano imewekwa katika sehemu inayohusu kupoteza kitu kilichokwisha kupatikana. Mwenye kupata akapoteza ni nani? Ni mamba. Kitabu kile, kama kinavyojieleza chenyewe, kilitungwa kwa ajili ya kuwafundisha wana wa mfalme siasa na busara ya utawala. Nao hawaulizwi namna ya kuponyoka kama kima, wanaonywa wasipumbae kama mamba, ambaye alikuwa na mawindo mgongoni akayaachia kwa kunena mno. Kisa ni kilekile. Msikilizaji ameketishwa upande wa pili. Je, mtu awezaye kusema kwamba ngano imfundishayo mwindwa kuponyoka na ngano imfundishayo mwindaji kufumba kinywa zina dhamira moja, ataona nini tofauti duniani?

Habari ya Korea inazidi kulifafanua jambo hili. Samguk Sagi, kitabu cha historia kilichokusanywa mwaka 1145, chasimulia kwamba mwaka 642 Kim Chunchu, mkuu wa ufalme wa Silla, alikwenda katika ufalme wa Goguryeo kuomba msaada wa vita. Mfalme wa huko alidai kurudishiwa ardhi kwanza. Kim alikataa, akatiwa kifungoni. Ofisa mmoja wa mfalme, aliyekwisha kupewa zawadi, alimwendea akamsimulia ngano ya sungura na kasa: namna sungura alivyopelekwa baharini ili ini lake liwe dawa, na namna alivyosema kwamba ameliosha ini lake na kuliacha chini ya jiwe. Hakuongeza neno. Kim akafahamu, akaahidi kurudisha ardhi, akafunguliwa; na alipofika mpakani akaeleza kwamba jambo hilo halikuwa katika uwezo wake. Hapa ngano haikuwa mafunzo ya subira wala ya utawala. Ilikuwa ufunguo uliotiwa mkononi mwa mfungwa, nayo ilisema neno moja tu: ahadi iliyotolewa kwa upanga haimfungi aliyeitoa. Msimulizi wa Jataka asingalitia muhuri wake juu ya neno hilo.

Sasa arudiwe mtambaji wa Unguja, naye apewe heshima waliyopewa wengine. Amefanya nini kwa kisa hiki? Amemwondoa mke mwenye wivu, akamweka sultani mgonjwa. Kwa badiliko hilo moja hadithi yote imegeuka. Papa hamsaliti rafiki yake kwa ajili ya nyumba yake. Anamsaliti kwa ajili ya serikali yake. Mwaliko wa ugeni, ambao katika desturi ya pwani ni jambo tukufu, umekuwa chambo. Na mgeni ametakiwa atoe moyo ili mtawala asiyemjua apone. Si lazima kudai kwamba mtambaji alimkusudia sultani fulani. Yatosha kukumbuka kwamba hadithi hii ilisimuliwa katika mji uliokuwa na sultani, na kwamba mtambaji, kati ya magonjwa yote ambayo angaliweza kuyachagua, alichagua la ikulu.

Tena amefanya jambo la pili. Hadithi hakuiita ya kima. Jina lake ni la punda wa dobi. Uzito wote umeshuka mwishoni, juu ya yule aliyeona hatari, akaiponyoka, kisha akairudia. Kuponyoka mara ya kwanza kwaweza kuwa bahati. Kutorudi ndiko kuwa na moyo na masikio. Waswahili husema kwamba aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Punda hakushtuka. Na hapa lugha yenyewe imeingia kazini, maana moyo katika Kiswahili ni kiungo cha mwili, na ni ushujaa, na ni fahamu, na ni nia. Qalb ya Kiarabu nayo ina upana huo, na kwa hiyo mzaha ulipovuka kutoka lugha ile hadi hii haukuvunjika. Wakorea, wanaouweka ushujaa katika ini, walibadili kiungo. Asiyechunguza maneno kama hayo, akashika mifupa ya kisa peke yake, amekula maganda akatupa embe.

Ngano ya pili ni nzito kuliko ya kwanza, na ndiyo iliyoonewa zaidi. Katika kitabu kilekile cha Steere imo hadithi ya Sultani Darai, na ndani yake habari ya paa. Mtu aliyekwisha kuharibu mali yake yote anachakura jaani kama kuku, akitafuta punje. Siku moja anaokota thumuni, sehemu ya nane ya riale, na kwa thumuni hiyo, huku watu wakimcheka, anamnunua paa. Paa huyo ana akili na usemi. Anaokota almasi porini, anaipeleka kwa sultani wa mji wa mbali akisema imetoka kwa bwana wake, Sultani Darai. Anamposa binti wa sultani kwa ajili ya bwana wake. Anamleta bwana wake karibu na mji, anampiga na kumwacha mtupu, kisha anadai kwamba wamevamiwa na wanyang'anyi, ili mkwe alete nguo za kifalme. Baada ya arusi anamwua nyoka mwenye vichwa saba na kuirithi nyumba yake iliyojaa mali. Fukara wa jaani amekuwa sultani.

Hapana mtu aliyesoma Perrault asiyeona mfanano. Katika kitabu cha mwaka 1697 Perrault anasimulia paka aliyerithiwa na mwana mdogo wa msaga unga: paka anampelekea mfalme mawindo kwa jina la bwana wake, Marquis de Carabas, anamwambia bwana wake aoge mtoni kisha anapiga kelele kwamba ameibiwa nguo, anamhadaa zimwi ajigeuze panya, anamla, na kumpa bwana wake ngome. Mambo hulingana kidole kwa kidole: jina la uongo, nguo zilizopotea, nyumba ya dude lililouawa, binti wa mfalme. Kwa sababu hiyo paa wa Unguja amekwisha kuitwa, mara nyingi na kwa furaha nyingi, paka mwenye viatu wa Afrika. Jina hilo ndilo dhuluma inayostahili kupingwa.

Maana tazama miisho. Perrault anamaliza ngano yake kwa kusema kwamba paka akawa bwana mkubwa, asikimbize panya tena ila kwa kujifurahisha. Na baada ya hapo ameongeza mafunzo mawili, kwamba ujuzi na werevu wafaa kuliko urithi, na kwamba mavazi mazuri, sura na ujana huivuta mioyo. Ni ngano ya mtu apandaye ngazi, katika nchi na zama ambazo mavazi yalikuwa cheo, na msimulizi anaitazama ngazi hiyo kwa tabasamu. Hapana deni linalobaki. Paka amelipwa, kijana amelipwa, mfalme ameridhika.

Unguja, hadithi haikomi katika neema. Paa anaugua. Mwanamke mzee wa nyumba ile anatumwa kwa bwana kumwarifu, na bwana anaagiza apewe uji wa mtama, chakula cha dharau katika nyumba iliyojaa kila kitu. Mkewe analia na kumsihi. Yeye anashikilia kwamba huyo ni paa tu, aliyemnunua kwa thumuni. Paa anakufa kwa uchungu wa moyo kuliko wa maradhi, na bwana anaamuru atupwe kisimani. Mke anampelekea baba yake habari. Sultani mkwe anakuja na wakuu wake, paa anatolewa kisimani, anazikwa kwa heshima na kuliliwa. Ndipo mke anaota kwamba yu kwa baba yake, anaamka na kumbe ni kweli. Na mume anaota kwamba yu jaani akichakura, anaamka na kumbe ni kweli.

Iko wapi hapa dhamira ya mwerevu apandaye ngazi? Ngazi ipo, imepandwa, kisha imevunjwa mbele ya macho ya msikilizaji. Yote yaliyo Ufaransa yamo katika nusu ya kwanza. Nusu ya pili ndiyo ngano. Mwanafunzi anayeandika kwamba hadithi hii, kama ya paka, yafundisha kwamba wema hulipwa, hana budi aulizwe kama alisoma hadi ukurasa wa mwisho, maana wema wa paa ulilipwa kwa kisima. Waswahili husema: usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Mtu wa jaani alisahau.

Na liko neno zito zaidi. Paka wa Perrault alirithiwa. Paa wa Unguja alinunuliwa. Bei yake imetajwa mwanzo, na imetajwa tena mwisho, kinywani mwa bwana, kama hoja ya kutosha ya kumnyima uji bora na kaburi. Hadithi hii ilichapishwa mwaka 1870, katika mji ambao soko lake la watumwa halikufungwa hadi mwaka 1873. Msikilizaji wa siku zile alijua kununuliwa ni nini. Alikuwa ameona walionunuliwa wakilea watoto, wakijenga majumba, wakifanya biashara kwa jina la mabwana zao na kuwatajirisha. Na aliweza kusikia, nyuma ya sauti ya yule bwana, hoja aliyokwisha kuisikia kwingine. Ngano haikuhubiri. Ilimweka tu mnunuliwa mahali pa juu kuliko mnunuzi kwa akili, kwa ushujaa na kwa adabu, ikaacha mnunuzi aitaje bei, kisha ikamrudisha jaani. Kama hiyo si dhamira, neno hilo lifutwe katika vitabu. Nayo haimo katika Perrault hata chembe.

Upinzani utatoka pande mbili, na wote wastahili jibu. Wa kwanza atasema kwamba tofauti hizi ni bahati ya watambaji. Kwamba mmoja alisahau mwisho na mwingine akaongeza, na sayansi haiwezi kujengwa juu ya usahaulifu. Jibu ni kwamba kusahau na kuongeza ndiko kutamba ngano. Mtambaji hana njia nyingine ya kusema neno lake ila kwa kile alichokiacha na kile alichokitia. Anayeziita tofauti hizo bahati ni sawa na mtu aondoaye chumvi katika vyakula vyote kisha akatangaza kwamba mapishi ya dunia yana ladha moja.

Wa pili atafurahi mno. Atasema: basi imethibitika kwamba Wazungu hupenda cheo na Waafrika hupenda shukrani. Huyu naye hana budi arudishwe nyuma, kwa mkono wa Mzungu. Miaka 60 na zaidi kabla ya Perrault, Giambattista Basile wa Napoli alikwisha kuiandika ngano hii ya paka katika kitabu chake kilichoanza kuchapishwa mwaka 1634, baada ya kufa kwake. Katika ngano hiyo Cagliuso, aliyetajirishwa na paka, anaahidi kwamba paka akifa atamtia dawa za kuhifadhi maiti na kumweka katika sanduku la dhahabu. Paka anajifanya amekufa ili amjaribu; na bwana, alipoambiwa, anasema ashikwe mguu atupwe dirishani. Paka anainuka, anamkemea, anakwenda zake. Utovu wa shukrani, basi, si mali ya Afrika wala ya Ulaya, na Napoli imekaribiana na Unguja katika jambo hili kuliko ilivyokaribiana na Paris. Hata hivyo ngano hizo mbili si moja. Wa Napoli anakemewa, anabaki na mali yake; wa Unguja anapokonywa kila kitu, na hapana aliyemkemea baada ya kufa paa. Basile anaona kwamba dunia humwacha asiye na shukrani aendelee kula, na mwenye haki hubaki na maneno tu. Mtambaji wa Unguja hakukubali. Tofauti hiyo si ya mataifa. Ni ya watambaji wawili waliotazama dhuluma moja, wakatofautiana juu ya dunia hufanya nini nayo.

Kwa hiyo mlinganishaji wa kweli hasemi Waswahili huamini hivi, wala Wafaransa hupenda vile. Husema: katika usimulizi huu, uliosimuliwa mahali hapa, wakati huu, kisa kimefanywa kuwa na neno hili. Naye hulipata neno hilo kwa kuuliza mambo matatu. Auliza kwanza ni nini kilichobadilika, maana kilichobaki ni mali ya wote na kilichobadilika ni sauti ya mmoja. Auliza pili ni nani anayeachwa na deni mwishoni, na kama limelipwa. Auliza tatu msikilizaji ameketishwa upande wa nani. Orodha ya mifanano ni lazima iandikwe, na iandikwe kwa uangalifu. Lakini ni ukurasa wa kwanza wa kazi, si wa mwisho. Huandikwa ili tofauti zipate mahali pa kuonekana, kama ukuta unavyopakwa chokaa ili maandishi yasomeke.

Labda itaulizwa kwamba yote haya yana faida gani, na kwa nini kuwe na ukali juu ya paa na paka. Faida yake ni kubwa. Fasihi simulizi ya Kiswahili imekaa muda mrefu kati ya sifa mbili ambazo zote ni za kuiua. Wako wanaoisifu kwa kuwa inafanana na ya wengine, kana kwamba ngano ya Unguja hupata haki ya kusomwa pale tu inapoonyesha kitambulisho cha Paris au cha Bara Hindi. Wako wanaoisifu kwa kuwa haifanani na yoyote, nao hulazimika kuyafumbia macho yote yaliyoingia bandarini kwa tanga za kaskazi. Pwani hii ilikuwa soko la visa kama ilivyokuwa soko la nguo na vyombo. Kisa cha kima kilifika na merikebu, na hapana aibu yoyote katika jambo hilo. Kitambaa nacho hufika na merikebu, lakini kanzu hushonwa na fundi wa mji, kwa kipimo cha mwili wa mtu wa mji. Heshima ya fundi haimo katika kulima pamba.

Mwanafunzi anayefundishwa kwamba paa wa thumuni ni paka wa Perrault mwenye ngozi nyingine ananyang'anywa kisima, na kilio cha mke, na bei iliyotajwa mara mbili, na asubuhi ile ya kuamkia jaani. Ananyang'anywa ushahidi kwamba katika mji wa soko la watumwa kulikuwa na watu waliolifikiri jambo la kumnunua kiumbe hai, wakalihukumu kwa njia waliyokuwa nayo. Wahenga walimzika paa yule kwa heshima. Mwalimu anayeandika ubaoni kwamba dhamira ya ngano zote mbili ni moja anamtoa kaburini na kumrudisha kisimani.